Nyumba Niliyoikana

Jumatatu ya kwanza ya masomo yangu ya uzamili tulipewa karatasi kubwa nyeupe, penseli na saa mbili. Kazi ilikuwa nyepesi kuliko tulivyotegemea: chora, kwa kumbukumbu tu, nyumba uliyokulia. Haina maksi, tukaambiwa, ni ya kufahamiana. Wenzangu wakainamia meza. Mmoja alichora nyumba ya kupanga ya vyumba sita, Temeke, na foleni ya ndoo mbele ya bomba. Mwingine alichora kota za reli za Tabora, alikofanya kazi baba yake. Mimi nikachora nyumba ya baba mdogo, Mbeya mjini: bloku, madirisha ya vioo, sebule yenye kabati la vyombo visivyoguswa na mtu.

Pale sikukulia. Nilikaa miaka miwili tu, nikisoma kidato cha tano na cha sita. Nyumba iliyonilea iko Rungwe, mwendo mfupi kutoka Tukuyu, katikati ya migomba, na kusema kweli ni nyumba mbili. Mbele kuna nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoijenga baba. Nyuma kuna jiko, na hilo jiko ndiyo nyumba ya zamani yenyewe, ya mianzi na udongo, aliyoijenga babu kabla ya Uhuru. Mle ndani ndimo nilimojifunza kusoma, kwa mwanga wa mlangoni, moshi ukinitoa machozi. Nilikuwa nimefika miaka thelathini na moja, nimechorea watu ramani Mbeya kwa miaka sita, na bado penseli iligoma kuchora mwanzi mbele ya watu.

Hakuna aliyenigundua. Mchoro ukabandikwa ukutani pamoja na mingine, na kwa wiki nzima nikawa naupita kama mtu anavyolipita duka analodaiwa.

Labda ni katika kujifariji ndipo nilipoanza kuchimba historia ya mahali penyewe. Chuo Kikuu Ardhi, kilimani pale jirani na Mlimani, hakikuanza na majengo. Kilianza mwaka 1956 huko Mgulani kama kituo cha kufundishia wapima ardhi, na 1958 kikahamia kwenye kilima kilipo hadi leo. Baada ya Uhuru kikakua: 1972 kikawa Chuo cha Ardhi, 1996 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2007 kikasimama chenyewe. Majina yamebadilika lakini neno ardhi halikuondoka. Mimi nalisoma hivi: mkoloni alihitaji kwanza wa kumpimia mipaka, na wa kuchora nyumba angemleta kutoka kwao.

Kwa hiyo vijana wetu wa mwanzo waliotaka kusoma usanifu majengo ilibidi wavuke. Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1921, mtoto wa familia ya Kigoa, alisomea Bombay, kisha akarudi kujenga katika jiji lake. Nairobi kulikuwa na chuo cha ufundi cha kifalme kilichofungua milango 1956, na wengi wa Afrika Mashariki walipita hapo. Beda Amuli, kijana wa kusini, alikwenda mbali zaidi, hadi Technion ya Haifa, Israel. Ilikuwa miaka ya 1960, wakati Tanganyika na kisha Tanzania ilikuwa na ushirikiano mkubwa na Israel, kabla uhusiano haujavunjika mwaka 1973. Akarudi, akafanya kazi, na mwaka 1969 akasimamisha kampuni yake, Mwafrika wa kwanza katika ukanda huu kuwa na kampuni yake ya usanifu majengo.

Kazi yake unaijua hata kama jina hulijui. Ni Soko la Kariakoo, lililofunguliwa miaka ya 1970, lile lenye paa la zege kama kundi la miavuli mikubwa. Moto ulilikuta Julai 2021, na siku ile simu zetu zote zilijaa picha ya moshi. Mimi nililipita soko hilo miaka mingi nikitafuta nguo za mtumba bila kuinua macho. Nilipoinua, niliona jambo ambalo mtoto yeyote wa mnadani angeliona: biashara chini ya kivuli cha mti. Muuza nyanya huweka ungo wake chini ya mwembe. Amuli alichukua mwembe akaumwaga kwa zege, akauzidisha.

Sasa najiuliza, kijana yule alipokaa kwenye meza yake ya kuchorea kule Haifa, je, wangemwambia achore nyumba aliyokulia, angechora ipi? Swali hilo lilinikaa kooni mpaka Krismasi.

Nikapanda basi la kwenda nyumbani. Barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya unapanda Kitonga ukiwa umeshika kiti cha mbele, halafu hewa inabadilika ghafla, baridi inakugusa masikio. Safari hii sikupitiliza. Nilishuka Ipogolo, nikapanda juu mjini Iringa, nikalala, na asubuhi nikachukua gari la kwenda Kalenga.

Iringa ni mji ambao jina lake ni jengo. Linatokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome. Ngome yenyewe ilikuwa Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo, makao ya Mtwa Mkwawa, iliyozungushiwa ukuta wa mawe. Agosti 17, 1891, pale Lugalo, majeshi ya Mkwawa yalikuwa yamelifyeka jeshi la Wajerumani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Wajerumani walijipanga miaka mitatu. Oktoba 1894 wakaja na mizinga. Wenyeji wengi watakwambia kwamba jina la kilima cha Tosamaganga linakumbuka siku hizo, kurusha mawe. Ukuta uliojengwa kwa kuwafikiria maadui wenye mikuki na bunduki haukufikiria mzinga unaopiga kutoka kilimani. Kalenga ikaanguka Oktoba 30. Mkwawa mwenyewe hakushikwa. Aliwasumbua porini hadi Julai 19, 1898, alipojiua kuliko kukamatwa. Kichwa chake kikachukuliwa, na fuvu lilirudi mwaka 1954 tu.

Leo liko pale Kalenga, ndani ya kioo, katika makumbusho madogo ambayo mgeni mwenye haraka anaweza kuyamaliza kwa robo saa. Mimi nilikaa zaidi, ila si kwa ajili ya fuvu. Nilikuwa nautafuta ukuta. Na ukuta ndio haupo, ukiacha mabaki machache. Nilisimama nje nikijaribu kuukisia: ulianzia wapi, ulipinda wapi, lango lilitazama wapi. Mtu aliyeuamuru alikuwa na wazo la mji, ndani na nje, la mahali pa ng'ombe na mahali pa askari. Hilo ni wazo la usanifu kabisa. Lakini katika miaka yangu yote ya kusoma majengo, niliweza kukuchorea Parthenon nikiwa nimefumba macho, na ngome ya Kalenga nilikuwa naijua kama habari ya vita tu. Tulifundishwa Mkwawa tangu shule ya msingi. Kwamba alijenga, mimi sikulitilia maanani, wala sikuwahi kuliuliza.

Wajerumani nao walijenga. Mwaka 1896 Tom von Prince aliweka kituo juu ya kilima, wakakiita Iringa Mpya, na mji ukahama na jina lake. Boma lao bado lipo mjini, kuta nene, veranda, na tangu 2016 ni makumbusho mazuri kweli, pitia ukiwa na nafasi. Boma limesimama. Nyumba za wenyewe, zile tembe za Wahehe zenye paa bapa la udongo juu ya boriti, umbo la mstatili, pengine zikizunguka ua wa ng'ombe, unaweza kutembea kutwa usiione hata moja. Jiwe la mgeni likaitwa urithi. Tembe ikaitwa makazi duni.

Hapo nitatoka nje ya njia kidogo, kwa sababu ninyi mnaosoma hapa ni watu wa fasihi. Neno letu la kazi hii ni usanifu, na ndilo neno la Kiswahili sanifu. Kiswahili sanifu kilichaguliwa: mwaka 1928 walikutana Mombasa wakaamua Kiunguja ndicho kiwe msingi, na 1930 ikaanza kamati ya kukisimamia. Kimvita, chenye mashairi ya karne nyingi, kikaambiwa ni lahaja. Hakuna aliyesema Kimvita hakina sarufi. Kiliwekwa upande tu, basi. Nyumba zetu zilipitia kitu kama hicho. Tembe ina sarufi yake, na jiko la babu lina sarufi yake, lakini kwenye makaratasi ya serikali, ya mkoloni na hata yetu, kuna nyumba ya kudumu na kuna kibanda. Mimi niliyeikana nyumba yetu kwa penseli nilikuwa mwanafunzi mzuri wa makaratasi hayo.

Nilifika nyumbani jioni, mvua inanyesha kama kawaida ya Rungwe. Kule kwetu zipo sehemu zinazopata zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka, ndiyo maana paa bapa la Iringa lingekuwa bwawa. Baba alikuwa barazani. Kabla sijamaliza chai akanionyesha lundo chini ya turubai: bloku mia mbili na kitu, na mifuko ya saruji ya Songwe.

“Mwezi wa pili nabomoa jiko,” akasema. “Sasa nina msanifu ndani ya nyumba. Nichoree jiko la kisasa.”

Nikamwambia, “Baba, lile jiko tuliache kwanza.”

“Tuliache kwa nini?”

Nikaanza hotuba. Nilimweleza habari za Joseph Thomson, Mskoti aliyepita nchi ya Wanyakyusa mwaka 1879, akastaajabia nyumba zake na usafi wa vijiji vyake. Nikamweleza Monica Wilson, aliyeishi Rungwe na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930 na mwaka 1951 akachapisha kitabu kizima juu ya vijiji vya marika. Nikamtajia hata Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyejenga shule ya udongo kijijini kwao Gando mwaka 2001 akiwa bado mwanafunzi Berlin, na 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa kuliko zote za fani hii.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, “Huyo wa Burkina, paa lake la nini?”

“La bati,” nikasema. Ni kweli, la bati, limeinuliwa juu ya kuta ili hewa ipite.

“Ehe.”

Baba si mtu wa kudanganywa kwa majina. Nyumba ya mbele aliijenga mwaka 1979, na sababu yake ni hotuba. Mwaka 1977, katika tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba tumetekwa akili na bati na saruji, kwamba saruji ni udongo wa Ulaya tu, na watu wanakaa wakisubiri huo badala ya kuchoma matofali na vigae vyao. Baba aliamini. Alifyatua matofali kiangazi kizima, akajenga tanuru, akalichoma kwa kuni siku kadhaa bila kulala. Vigae alijaribu vikapasuka, akaishia kununua bati. Lakini kuta ni zake, udongo wa shamba lake mwenyewe.

“Nikajenga,” akasema. “Miaka ya themanini kiwanda pale Songwe kikaanza kutoa saruji. Unajua wenzangu waliniitaje? Mzee wa Udongo. Waliosubiri walijenga za bloku, na binti zao wakiolewa wageni wanapelekwa kwao kulala. Wewe mwenyewe ulipokuwa Mbeya, rafiki zako uliwaleta hapa?”

Sikuwaleta. Hata mmoja.

“Na mama yako amepika mle miaka arobaini. Kikohozi chake unakisikia kwenye simu. Hao wanaosifia mianzi, mwambie mmoja aje apike.”

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Kuna watu wa fani yangu wanaopenda nyumba za asili kwa sharti kwamba wakae watu wengine ndani yake. Niliomba kitu kimoja tu: kabla ya kubomoa, nilipime. Akacheka, lakini asubuhi alikuwa wa kwanza kushika futikamba.

Tukapima siku tatu. Sijawahi kufundishwa na mtu kama nilivyofundishwa siku zile. Kuta za jiko zinatanuka kidogo kuelekea juu, jambo nililoliona utotoni nikadhani ni uzee wa nyumba. Si uzee. Ndivyo zilivyosimamishwa, na baba anasema ni kwa ajili ya paa kushika vizuri na maji kudondokea mbali. Kati ya mianzi kuna mabonge ya udongo ya mviringo, yamefinyangwa kwa mkono moja moja, si kwa kibao. Ukiweka vidole kwenye moja yao unakuta mashimo ya vidole vya mtu. Hakuna msumari. Kila fundo ni kamba ya mgomba, na baba alinionyesha mafundo matatu tofauti, la nguzo, la fito na la kenchi, akitaja kila moja kwa Kinyakyusa. Nilimwomba arudie niandike. Akarudia kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. (Mianzi hiyohiyo, nilimtania, kule Iringa wanaigema wanakunywa ulanzi. Akasema ndiyo maana walishindwa vita. Wahehe mtusamehe, ni utani wa wazee.)

Siku ya pili nikamuuliza hayo yote aliyajulia wapi, maana jiko lilijengwa na babu.

“Si tulijenga vya kwetu,” akasema.

Hapo ndipo kitabu cha Wilson kilipokaa chini pembeni yangu. Anaeleza kwamba mvulana wa Kinyakyusa alipofika miaka kumi hivi aliondoka kulala kwa baba yake, akaenda na wenzake wa rika pembezoni mwa kijiji, wakajenga vibanda vyao. Walikula kwa mama zao kwa zamu, wakalala kwao. Vibanda vikakua, wakaoa humo, kijiji kikawa kijiji. Niliwahi kuyasoma hayo kama habari za watu wa kale. Baba alizaliwa 1949. Anasema enzi yake desturi ilikuwa imeshakonda, lakini yeye na wavulana wengine wanne walijenga kibanda chao karibu na kijito mwaka 1959 au 1960, mianzi wakiiomba kwa wazee. Kibanda cha kwanza kiliangukia upande mmoja usiku wa mvua ya kwanza. Wazee waliwacheka, hawakuwasaidia. Cha pili kikasimama.

“Kwa nini hukuwahi kuniambia?”

“Nikuambie nini? Kwamba nililala kibandani? Nilikupeleka shule ili usilale kibandani.”

Aliitengua fundo moja, akaifunga tena polepole ili nione, kisha akaniambia niandike vipimo kabla mvua haijarudi.

Niliondoka na kurasa kumi na nane za vipimo na mikwaruzo ya mianzi mikononi. Jambo la kubomoa tuliliacha bila uamuzi, isipokuwa mama alisema yeye jiko la bloku analitaka, na dohani ndefu, na kwamba tukitaka kuabudu mianzi tuiabudu bila yeye kupika ndani. Nikamchorea jiko lake, pembeni, palipokuwa na banda la kuku. Linajengwa sasa. Hilo la babu kwa sasa limekuwa stoo ya mahindi na mbolea, na bati lake linavuja upande wa mashariki.

Niliporudi chuoni nilichora nyumba kwa wino, karatasi saba: ramani ya chini, mikato miwili, pande nne za nje, na karatasi nzima ya mafundo. Nikaubandua mchoro wa nyumba ya baba mdogo ukutani. Mwenzangu wa Temeke akauliza kulikoni, nikamweleza ukweli wote. Akacheka sana. Halafu akakiri kwamba choo alichokichora chenye mlango, hakikuwa na mlango. Kilikuwa na gunia.

Nakala moja nilimtumia baba kwa basi, kwenye bomba la plastiki. Zikapita wiki tatu kimya. Kisha karatasi ya mafundo ikarudi, imekunjwa mara nne kama barua, ina peni nyekundu. Fundo la fito nililichora limezunguka kushoto. Pembeni, kwa mwandiko wake wa shule ya misheni, ameandika: linazunguka kulia, rudia.